Mlio Chini ya Boneti Nyekundu

Galbet, Garissa
11 Machi 1996

Aboowe Hamze,

Nisamehe kwa kutanguliza mlio kabla ya salamu. Uliponiandikia kwamba unataka kununua gari na ukaomba nikuambie cha kuangalia, sikuona gari kichwani. Nilisikia lile lori la mkaa, mwaka nilipokuwa darasa la sita. Wewe hulikumbuki, ulikuwa uwanjani unacheza mpira. Aabo, baba yetu, Mungu amrehemu, aliweka ncha ya bisibisi yake ndefu ubavuni mwa injini, mpini akauweka sikioni mwangu. Ko. Ko. Ko-ko. Kama mtu anayebisha hodi huku akijua hatafunguliwa.

"Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

"Huyo amekufa," Aabo akasema, "ila bado anatembea."

Mwenye lori alicheka, akalipa kahawa, akaondoka. Injini ilipasuka kabla hajafika Modogashe. Tangu siku hiyo hakuna sauti nyingine niliyoijua vizuri kama ile, hata ya Hooyo aliyetuzaa.

Sasa salamu. Assalamu alaikum, ndugu yangu. Hooyo ni mzima ila magoti, na anauliza kama unakula au unakunywa chai tu. Mimi sijambo. Jua la hapa unalijua. Hooyo ameketi karibu yangu akingoja nimtafsirie ninachoandika. Laiti sote tungefundishwa kukiandika Kisomali chetu, angekuwa anajiandikia mwenyewe na angekugombeza zaidi.

Gari la spoti la milango miwili halinunuliwi kama pikapu. Pikapu ilibeba mizigo, hilo lilibeba kijana. Kwa hiyo unapoliangalia, muulize huyo kijana alifanya nini nalo.

Nenda asubuhi, na usimwambie mwenyewe saa utakayofika. Kabla ya kumpa mkono, gusa boneti. Ikiwa na joto, ameiamsha mapema ili usiisikie ikiamka. Kunywa chai, ngoja ipoe. Ikiwaka, simama nyuma utazame ekzosti. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha ni maji yanayoingia yasipotakiwa. Chomoa kijiti cha oili, ipake kati ya vidole. Oili nzito kama asali imewekwa na mtu anayetaka kunyamazisha kitu.

Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa usije ukakwaruza rangi, ipitishe juu ya bodi. Pale inapokataa kushika, chini ya rangi hakuna bati, kuna lipu. Toa zulia la buti na tairi la akiba. Bati la pale chini likiwa na makunyanzi, gari liligongwa nyuma. Milango ya gari kama hilo ni mirefu na mizito. Fungua mmoja nusu, uunyanyue kidogo. Ukicheza, bawaba zimechoka. Tazama matairi kama yameliwa upande mmoja. Linganisha nambari ya chesisi na ile ya kwenye kitabu cha usajili, tarakimu kwa tarakimu, usione haya. Ukiliendesha, toka gia ya tatu urudi ya pili kwa haraka. Likisaga meno, huyo kijana alikuwa anashindana na wenzake.

Mwisho, likishapata moto sawasawa, kanyaga mafuta kisha uachie. Sikiliza pale pa kuachia. Ukisikia ko-ko kutoka chini, mrudishie funguo zake, hata akikupunguzia nusu ya bei. Hizo ni beringi za chini, na kwa gari la mbio hazitengenezwi zikatengenezeka. Umenielewa? Hapo usibishane na roho yako.

Na mimi nina langu. Barua ya chuo cha ufundi Mombasa imekuja. Nimekubaliwa kusomea ufundi wa magari, kuanzia Septemba. Wasichana tuko wawili. Ada itatoka kwa ngamia wangu wa kitovu, yule jike aliyenitengea Aabo siku nilipozaliwa, Hiddo, na wanawe wanne. Wote wako kwa ami yetu, Adeer Barre, huko Modogashe. Mvua ikinyesha watanona, tutauza wawili, labda watatu. Hiddo mwenyewe simuuzi.

Niandikie upesi.

Dada yako,
Sabirin


Eastleigh, Nairobi
2 Aprili 1996

Abaayo,

Wa alaikum salaam, wewe na Hooyo. Mwambie nakula, nimenenepa, mashati yananibana. Mimi mzima, dukani kazi ni nyingi, mjomba bado ana mdomo kama kawaida.

Nimelipata! Jekundu, la Kijapani, milango miwili, liko chini mpaka ukikaa unahisi umeketi mkekani. Mwenyewe ni bwana mmoja wa Parklands anayehama nchi, ana haraka. Nimefanya yote uliyosema. Sumaku imeshika kila mahali. Chini ya zulia pakavu, bati limenyooka. Milango haichezi. Nambari zinalingana. Gia ya pili iko sawa. Mbele ya wenzangu nikawa nazunguka na kitambaa chako kama daktari, wakaniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema kwa baba. Usikasirike, ningesema kwa dada wangenizika kwa kicheko.

Mambo mawili tu. Boneti ilikuwa na joto nilipofika, ila alisema alimpeleka mkewe hospitali asubuhi hiyo. Na oili ni nzito kidogo, alisema ni mpya. Kuna kitu kinalia, tik tik. Yeye anasema ni tapeti, vyuma vidogo vya juu visivyo na hatari. Mimi masikio yangu ni ya mawe, Aabo alilisema hilo mbele ya wateja na nyinyi nyote mkacheka, nakumbuka hata nani alikuwa ameketi kwenye pipa la mafuta.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Bwana huyu ana simu ofisini kwake, waya wake ni mrefu unafika hadi uani. Jumamosi tarehe kumi na tatu, saa nne asubuhi, uwe posta ya Garissa. Nitapiga simu ya kibanda cha hapo posta; andika nambari yake kwenye kikaratasi nilichoambatanisha, umpe dereva wa basi aniletee. Nitaweka mkono wa simu ndani ya boneti. Ukisema nunua, nanunua. Ukisema acha, naacha. Siwezi kumwamini mwingine.

Kuhusu chuo. Abaayo, umesoma, inatosha. Niliwasimulia vijana hapa kuwa dada yangu anakwenda kuwa fundi, mmoja chai ikamtoka puani. Mikono yenye grisi nani ataiposa? Aabo alikuchezesha kwa kuwa mimi nilimkimbia, basi. Usidhani alikuwa na mpango.

Pesa usiniulize nimepata wapi, zipo. Kipande hiki na hicho cha juu usimsomee Hooyo.

Kaka yako,
Hamze


Galbet, Garissa
15 Aprili 1996

Aboowe Hamze,

Natumai barua hii itakukuta u mzima, kama sisi tulivyo. Hooyo anakusalimia. Mvua imepiga siku mbili ikaacha.

Alhamisi Adeer Barre alikuja mjini. Alikunywa maziwa. Kisha akatoa kengele ya mti ya Hiddo kutoka kwenye mfuko wake, akaiweka mkekani mbele yangu. Unajua kwetu kengele haiendi na ngamia aliyeuzwa.

"Kaka yako alituma mtu na barua yenye jina lake," akasema. "Wewe huna baba. Yeye ndiye baba yako sasa. Ningefanya nini?"

"Wote?"

"Wote watano. Mnunuzi aliwapakia lori siku hiyo hiyo. Hiddo alikataa kupanda, wakamvuta kwa kamba mkiani."

Nimeitundika kengele kwenye msumari karibu na mlango. Upepo ukipita inagonga ukuta. Sikuuliza zaidi, na sina swali kwako.

Jumamosi nilifika posta saa tatu. Karani ni mtu wa Murang'a, alichoka kuniona. Uliposema "Haya, naiweka," nilifumba macho.

"Sikia! Umesikia?" ulikuwa unapiga kelele.

"Kanyaga mafuta," nikasema. "Achia. Kanyaga tena. Achia."

Karani akaniambia, "Dada, watu wamepanga foleni. Unaongea na injini ama na mtu?" Watu wakacheka.

Kisha ukarudi kwenye simu ukauliza, "Ni nini? Ni tapeti?"

Ninarudia kwa maandishi niliyokuambia, ili usiseme laini ilikuwa mbovu. Tik tik ile ni tapeti. Nunua.

Sabirin


Eastleigh, Nairobi
6 Mei 1996

Abaayo wangu, dhahabu yangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa huko. Mimi mzima, mzima kupita kiasi. Hooyo hajambo? Magoti?

Ni langu! Nimelitembeza Jumapili mpaka Thika na kurudi. Watu wanageuka. Msichana mmoja aliyekuwa hanijibu salamu ameniuliza kama nina ndugu wengi. Nimeweka redio. Mlio bado upo, na siku hizi umekuwa mnene kidogo, ila redio inaufunika, na wewe ulishasema.

Ulisema huna swali, ila najua unalo. Ndiyo, ni ngamia. Sikiliza. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Ngamia wanakufa kwa ukame, gari halifi. Ukiolewa, ngamia hao wangekwenda kunenepesha nyumba ya mtu mwingine. Ningekuuliza, ungekataa. Kwa hiyo sikukuuliza. Nitakufanyia jambo zuri siku moja, utaona, nikijaliwa.

Tarehe mosi Juni ni dua ya Aabo, miaka miwili tangu atutoke. Nitakuja nalo. Nitalala Mwingi, asubuhi niingie kwenye msafara unaolindwa na askari dhidi ya majambazi, mabasi mbele na mabasi nyuma, mimi katikati nikiwa mwekundu! Nataka walioketi nje ya gereji ya Aabo siku ile ya masikio ya mawe wanione nikipita. Mwambie Hooyo anikaangie nyama ya nyirinyiri, na asilie.

Kaka yako,
Hamze


Mwingi
9 Juni 1996

Kwa Sabirin Gabow, Galbet.

Salaam. Anayeniandikia ni mwalimu aliyelazwa kitanda cha pili hapa hospitali, kwa sababu mkono wangu wa kulia umevunjwa mahali pawili na una plasta hadi begani. Mimi ni hai. Mwambie Hooyo kwamba niko hai kabla ya kumsomea mengine.

Tulitoka Mwingi saa moja. Baada ya kupita Ukasi mlio ukashinda redio. Kisha injini ikatoa kishindo kimoja, kitu kikatoboa chuma chini na oili ikamwagika barabarani. Nikasogea kando. Msafara hausimami, wewe unajua. Lori la mwisho la askari lilipunguza mwendo, askari akanipigia kelele, "Wacha hiyo gari, ruka!" Sikuruka. Nilidhani ikipoa itawaka. Nilikuwa nimeshika mlango wake.

Walitoka kwenye vichaka baada ya nusu saa, watatu. Walichukua viatu, saa, redio. Walinivunja mkono kwa kitako cha bunduki kwa sababu sikuachia funguo upesi. Kisha wakalichoma gari. Jioni msafara wa kurudi ulinikuta. Dua ya Aabo sikuifikia.

Fundi mmoja hapa amenieleza kuwa beringi za chini hazivunjiki siku moja. Anasema zinalia kwa miezi, na mwenye sikio hawezi kuzikosa. Mwalimu anayeniandikia ameuliza kama kweli nataka aandike haya, nimesema aandike.

Nina swali moja. Siku ile ya simu, ulisikia au hukusikia?

Hamze


Mombasa
8 Septemba 1996

Aboowe Hamze,

Assalamu alaikum. Natumai plasta imetolewa na vidole vinakunjika. Msalimie Hooyo, na Maryan, binti wa Adeer Barre, aliyekuja kukaa naye. Mimi ni mzima.

Umengoja jibu miezi mitatu. Nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza.

Nilisikia.

Tik tik ilikuwa juu, na chini yake ko, ko, ko-ko, hasa ulipoachia mafuta. Ko ya tatu ilipogonga nilishajua. Nilikuambia ukanyage tena ili niisikie tena. Sikuwa na shaka yoyote, nataka ujue hilo. Usijifariji kwamba laini ilikuwa mbovu, wala kwamba karani alinizuga. Nilimsikia Aabo ananiuliza, umesikia? Na nilimjibu moyoni, nimesikia. Kisha nikakuambia wewe nunua.

Wakati ule nilitaka gari likufie Nairobi, mbele ya vijana wako wa chai. Nilitaka ulisukume. Nilitaka wacheke mpaka iwatoke puani. Nililala vizuri siku ile, aboowe. Nililala kama nilivyokuwa sijalala tangu Aabo afe.

Kisha barua yako ya Mei ikasema unakuja nalo kwa msafara. Niliisoma nikiwa nimesimama. Tarehe 14 Mei nilikuandikia mistari sita. Ninayo hapa, naiweka ndani ya bahasha hii hii, utaona tarehe. Inasema: Hamze, usije nalo. Panda basi. Injini imekufa, nilikudanganya. Ukiliendesha litakuacha njiani, na msafara utakuacha. Panda basi, tafadhali.

Nilinunua stempu. Nilisimama mbele ya sanduku la barua la posta, nyuma yangu mwanamke akaniambia, "Abaayo, tumbukiza ama utoke." Nikatoka. Nilijiambia nitarudi kesho. Kesho kengele ya Hiddo ilikuwa inagonga ukuta, nikajiambia keshokutwa. Nilikuwa na siku kumi na saba. Simu ilikuwa pale pale. Nambari ya duka la mjomba ninaijua kwa kichwa. Sitaki kukuandikia kuwa nilisahau, maana nilikumbuka kila asubuhi, na kila asubuhi nilichagua upya.

Siku ya dua wanaume walijaa hadi barabarani. Hooyo alikuwa amekaanga nyirinyiri, ameifunika kwa sahani. Msafara ulipoingia saa saba alitoka nje na kusimama. Alihesabu mabasi kwa midomo. Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Barua yako ya Mwingi nilimsomea yote. Ni mara ya kwanza nimemsomea barua bila kuruka kitu. Nilipofika kwenye swali lako niliikunja barua, akaniuliza, "Na wewe unamjibu nini?" Nikamwambia. Alivuta shuka yake akajifunika uso. Kwa siku nne aliniita "wewe." Siku ya tano akasema, "Itoe ile kengele ukutani, inanipigia kichwa." Niliitoa. Hatujaongea tena juu yako, wala juu yangu.

Nimejaribu kukuonea huruma ya kutosha. Ninayo, lakini ina mpaka, na mpaka wenyewe ni Hiddo anavutwa mkia apande lori. Askari alikuambia uruke. Ulibaki umeshika mlango. Hilo ni lako. Siku kumi na saba ni zangu. Sikuombi msamaha kwa kuwa najua utanisamehe mbele za watu na kunikumbusha maisha yote, na mimi pia ningefanya hivyo.

Maryan ananiandikia kwamba umerudi nyumbani, na kwamba umesema mkono ukipata nguvu utafungua tena gereji ya Aabo pale Waberi, kwa sababu vifaa vyake vyote vipo, na ni vyako, urithi wa mwana wa kiume. Anasema umeuliza mara mbili ufunguo wa kufuli uko wapi.

Usivunje kufuli. Ndani kuna ndoo na kamba tu. Tarehe tatu Agosti nilimwita Fatumo, yule mwenye duka la vipuri sokoni, akaja na mkokoteni. Nilimuuzia jeki mbili, winchi ya kunyanyulia injini, spana zote, vaisi, na sanduku la Aabo lenyewe lenye jina lake lililokwaruzwa kwa msumari. Bisibisi ndefu ilikuwa ya mwisho. Fatumo alisema, "Hii baki nayo, ya kumbukumbu." Nikamwambia aipakie. Nimelipa ada ya mwaka mzima, na nauli. Hii ni wiki ya kwanza ya masomo.

Ningekuuliza, ungekataa.

Dada yako,
Sabirin